Jokofu Katika Jiko Dogo: Liachieni Nafasi ya Kupumua

Jokofu, ambalo wengi katika mitaa ya Bujumbura huliita frigo, si chombo cha kununuliwa kila mwaka. Familia ya askari au polisi hujinyima kwa miezi mingi, ikaweka akiba kidogo kidogo, au ikasubiri posho ya baba aliyekwenda kulinda amani nje ya nchi, ndipo siku moja chombo hicho kikaingia mlangoni kimebebwa na vijana wanne. Kwa hiyo ni jambo la kusikitisha kuona jokofu jipya likichoka kabla ya kutimiza mwaka wa pili, hali kosa si la kiwanda wala la muuzaji, bali la mahali lilipowekwa.

Katika ukurasa wetu wa leo tutaeleza namna ya kuweka jokofu katika jiko dogo lililozibwa, au katika kabati la mbao lililotengenezwa kwa ajili yake. Jambo hili linazidi kuwahusu wengi. Nyumba za Ngagara, Buyenzi, Bwiza na Kanyosha, kadhalika nyumba za kambini, mara nyingi zina jiko lenye dirisha moja tu, tena dogo. Mama wa nyumba hupenda vyombo vyake vikae kwa mpango, na fundi seremala naye hupenda kazi yake ipendeze. Matokeo yake ni kwamba jokofu husukumwa katika kona, mbao hupigwa kulia na kushoto, juu hufunikwa kwa rafu ya masufuria, na nyuma hugusa ukuta. Kwa macho kazi hiyo ni nzuri. Kwa jokofu ni kifungo.

JOKOFU HALITENGENEZI BARIDI

Watu wengi hudhani kwamba jokofu hutengeneza baridi kama vile jiko linavyotengeneza moto. Sivyo. Kazi ya jokofu ni kuhamisha joto. Hulichukua joto lililomo ndani, katika maji, maziwa na samaki, kisha hulitupa nje. Kazi hiyo hufanywa na gesi inayozungushwa ndani ya mabomba na mashine iliyo chini nyuma, ambayo mafundi huiita kompresa. Gesi ikipita ndani ya jokofu hunyonya joto. Ikipita katika mabomba ya nyuma, au yaliyofichwa ubavuni, hulitoa joto hilo katika hewa ya jikoni. Ndiyo maana ukigusa nyuma au ubavu wa jokofu linalofanya kazi, utaona pana joto.

Tuseme kompresa inatumia umeme wa wati 120, nayo inatoa joto la wati 180 kutoka ndani. Joto linalotupwa nje ni jumla ya vyote viwili, yaani wati 300, kwa kuwa umeme wenyewe nao mwishowe hugeuka kuwa joto. Mtu mzima aliyeketi kitako hutoa joto la wati 100 hivi. Basi kila kompresa inapofanya kazi, ni kama watu watatu wazima wamejifungia ndani ya kabati lako. Bila tundu la hewa, nani asiyejua hali yao itakavyokuwa baada ya saa moja?

Kutokana na hayo msomaji ataelewa pia kwa nini kuacha mlango wa jokofu wazi ili kupoza chumba ni kujidanganya. Joto linalotoka mbele hurudi kwa nyuma, tena limeongezeka.

HEWA YA MOTO HULIPIGA JOKOFU MARA MBILI

Mwaka 1824 mhandisi wa Ufaransa, Sadi Carnot, alieleza kanuni ambayo hadi leo inatawala mashine zote za joto. Kwa upande wa jokofu maana yake ni nyepesi: kadiri tofauti inavyokuwa kubwa kati ya baridi ya ndani na joto la nje, ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Kuhamisha joto kutoka nyuzi 5 za ndani kwenda katika hewa yenye nyuzi 35 ni kupanda ngazi 30. Hewa iliyofungiwa nyuma ya kabati ikifika nyuzi 45, ngazi zinakuwa 40. Kwa hesabu ya Carnot, umeme unaohitajika kuhamisha joto lile lile huongezeka kwa theluthi moja.

Hilo ni pigo la kwanza. Pigo la pili ni kwamba joto la hewa hiyo hujipenyeza kupitia kuta za jokofu na kurudi ndani, hivyo mashine hulazimika kutoa tena joto lile lile ililokwisha kulitupa. Kompresa ambayo ilipaswa kufanya kazi kisha ipumzike, inanguruma usiku na mchana. Mafuta yake huchoka, waya zake huungua, na fundi akiitwa husema maneno ambayo hakuna familia ipendayo kuyasikia: mashine imekufa.

Mji wa Bujumbura uko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 780 hivi kutoka usawa wa bahari, na joto la mchana hufikia nyuzi 28 hadi 30 karibu mwaka mzima. Gitega, ambayo ni mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, iko juu zaidi, mita 1,500 na ushei, na hewa yake ni ya baridi. Askari aliyehamishwa kutoka Gitega kuja Bujumbura asishangae basi akiona jokofu lake lililokuwa kimya huko milimani linahangaika huku bondeni.

SOMENI KIBANDIKO KABLA YA KULIPA

Ndani ya jokofu, aghalabu karibu na sanduku la mboga, pamebandikwa karatasi ndogo yenye herufi na namba. Wengi huipita bila kuitazama. Herufi hizo zinaonyesha jokofu lilitengenezwa kwa ajili ya hali gani ya hewa. Herufi N maana yake ni kwamba linafaa mahali penye nyuzi 16 hadi 32. ST ni nyuzi 16 hadi 38. Herufi T, yaani la nchi za joto, ni nyuzi 16 hadi 43.

Jikoni Bujumbura, saa nane mchana, moto ukiwa unawaka, nyuzi 32 hupitwa kwa urahisi. Kwa hiyo jokofu lenye herufi N peke yake, hata likiwa jipya na la kupendeza, halikuundwa kwa jiko hilo. Tafuteni lenye T au walau ST. Wanaonunua majokofu yaliyokwisha tumika Ulaya na kuletwa huku hawana budi kuwa waangalifu zaidi, kwa maana huko baridi ni nyingi na mengi hayakutengenezwa kwa joto letu.

Kibandiko hicho hutaja pia gesi iliyomo. Gesi ya zamani iitwayo R12 iliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, nayo ilianza kupigwa vita kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, mpaka nchi zinazoendelea zilipotakiwa kuiacha ifikapo 2010. Ikafuata R134a, ambayo haili ozoni lakini huongeza joto la dunia. Mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za namna hiyo katika mkutano uliofanyika jirani hapa Kigali, Oktoba 2016. Majokofu mengi mapya hutumia R600a. Gesi hii haina madhara hayo, ila ina tabia moja ya kukumbukwa: inashika moto.

Msiogope. Kiasi chake ni kidogo, na katika majokofu ya nyumbani hakizidi gramu 150. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila gramu 8 za gesi hiyo zipate chumba chenye angalau mita moja ya ujazo. Jiko la mita 2 kwa 2.5, lenye kimo cha mita 2.6, lina mita za ujazo 13, nalo latosha kwa gramu 104. Pimeni jiko lenu, kisha mlinganishe na namba iliyo kwenye kibandiko. Mabomba yasitobolewe kwa kisu wakati wa kubandua barafu. Na fundi asiyeijua gesi hiyo asiruhusiwe kuchomelea bomba lake kwa moto.

VIPIMO VYA KABATI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza pimeni jokofu, si kwa kukadiria, bali kwa futi kamba: upana, kina na kimo. Kisha ongezeni nafasi ya hewa. Kijitabu cha kiwanda kikitaja vipimo vyake, vifuateni hivyo. Kama hakipo, vipimo vifuatavyo vinafaa kwa majokofu mengi ya kawaida: sentimita 5 kila ubavu, sentimita 5 hadi 7 nyuma, na sentimita 30 juu, au juu paachwe wazi kabisa.

Mathalani jokofu lina upana wa sentimita 55, kina cha 58 na kimo cha 145. Kabati lake liwe na upana wa 65, kina cha 65 na kimo cha 175. Fundi akisema, “Mama, tukipunguza hapa tutapata nafasi ya rafu moja zaidi,” mwambieni kwa upole kwamba rafu hiyo italipiwa kwa umeme kila mwezi.

Nafasi peke yake haitoshi. Hewa lazima iwe na njia ya kuingia na njia ya kutoka. Hewa ya moto hupanda juu. Kwa hiyo tundu la kuingilia liwe chini, karibu na sakafu, na la kutokea liwe juu kabisa, nyuma ya jokofu. Kila moja liwe na eneo la sentimita za mraba zisizopungua 200. Ufa wenye urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 4 unatosha. Zibeni matundu hayo kwa wavu wa chuma ili panya na mende wasiingie, lakini wavu usiwe wa matundu madogo sana unaoziba kwa moshi na mafuta. Ubao wa nyuma wa kabati usiwekwe kabisa, kwa sababu hauna kazi isipokuwa kuzuia hewa.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili tu, ndugu msomaji, uacheni ufa.

Tena hewa itokayo kabatini haina budi kuondoka jikoni. Kama jiko lina dirisha moja na mlango hufungwa kutwa kwa kuhofia wezi, joto litazunguka humo humo. Wekeni matofali ya matundu juu ya mlango au karibu na dari. Wanaokaa katika nyumba za serikali wakumbuke kuomba ruhusa kwanza. Ukuta wa kambi si wa mtu binafsi kutoboa apendavyo. Kwa askari anayeweza kupata uhamisho wakati wowote, yafaa zaidi kutengeneza kabati la mbao mbili za ubavuni na kipande cha juu, lililoungwa kwa skrubu, ambalo hufunguliwa na kupakiwa garini pamoja na vyombo vingine.

SAKAFU, MLANGO NA JIRANI WA JOKOFU

Sakafu iwe imara na iliyonyooka. Tumieni pimamaji ya mwashi, kisha zungusheni miguu ya mbele mpaka jokofu lisimame sawa, likiegemea nyuma kidogo sana ili mlango ujifunge wenyewe. Sehemu zinazoingiwa na maji wakati wa masika, jokofu liinuliwe juu ya jukwaa la saruji. Wakazi wa Gatumba, walioona mto Rusizi ukifurika mwaka 2020, hawahitaji kufundishwa jambo hili.

Angalieni pia mlango unafungukia upande gani. Usipofunguka kupita pembe mraba, masanduku ya mboga hayatatoka. Majokofu mengi huruhusu bawaba zihamishwe upande wa pili. Fanyeni hivyo kabla ya kabati kujengwa.

Jirani mbaya kuliko wote wa jokofu ni jiko la makaa, lile liitwalo imbabura. Yatenganisheni kadiri nafasi inavyoruhusu. Na hapa hatuna budi kusema neno zito zaidi. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Matundu ya kabati la jokofu hayatoshi kuiondoa. Mama anayepikia makaa afungue dirisha na mlango, au apikie uani, na jiko lenye makaa mekundu lisilazwe ndani kamwe.

UMEME USIOTABIRIKA

Umeme wa nchi yetu hutoka kwa sehemu kubwa katika maji. Bwawa la Rwegura lilianza kazi mwaka 1986, na kituo cha Ruzizi II kikafuata mwaka 1989 kwa ushirikiano wa Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo. Mtambo wa maporomoko ya Rusumo, wenye megawati 80, nao hugawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Hata hivyo mahitaji ni makubwa, na kukatika kwa umeme ni jambo ambalo kila nyumba inalijua.

Umeme ukikatika na kurudi mara moja, kompresa hulazimika kuanza ikiwa gesi bado ina shinikizo kubwa. Hapo waya zake huweza kuungua. Nunueni kifaa cha kulinda jokofu, ambacho hukata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, na kuusubirisha dakika chache unaporudi. Asiye nacho achomoe plagi umeme unapokatika, airudishe dakika 5 baada ya umeme kutulia.

Soketi iwe mahali mkono unapofika bila kusogeza jokofu, na iwe na waya wa ardhini. Sakafu ya saruji iliyolowa, mtoto asiye na viatu na mlango wa chuma usio na waya huo ni mambo matatu yasiyopaswa kukutana. Fundi umeme aliyehitimu aweke pia swichi ya usalama ya miliampea 30, inayokata umeme mara unapovuja. Jokofu lisichangie waya wa kuongezea na pasi au jiko la umeme.

Wakati umeme haupo, mlango usifunguliwe ovyo. Jokofu lililofungwa huhifadhi ubaridi kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa siku mbili ikiwa haifunguliwi. Katika kabati la moto muda huo hupungua.

HASARA SI YA UMEME TU

Huenda baba akasema kwamba jokofu likichelewa kupoza si neno, mradi maji yana ubaridi. Hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kiwekwe chini ya nyuzi 5. Mukeke aliyevuliwa ziwani usiku, akawekwa katika jokofu lenye nyuzi 12, ataonekana mzima kwa macho, hali vijidudu vinaendelea kuongezeka. Maziwa ya mtoto vivyo hivyo. Ndagala waliokaushwa vizuri hawahitaji jokofu, wapisheni wengine.

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo baba yuko lindoni mbali, na mama wa nyumba anauza maji ya matunda ili kusomesha watoto, na bibi wa nyumba ana ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, wala isigande. Jokofu lililozibwa likishindwa, maji ya matunda yataharibika na fedha zitapotea. Hilo ni la kuvumilika. Lakini dawa iliyoharibika kwa joto haibadilishi sauti wala haitoi harufu ya kumwonya mtu. Bibi atajichoma sindano kama kawaida, na sukari itapanda asijue kwa nini. Kwa nyumba kama hiyo, sentimita 5 za nyuma ya jokofu ni sehemu ya matibabu.

PIMENI WENYEWE

Baada ya kazi kwisha, msiridhike na sura ya kabati. Jokofu likisafirishwa limelazwa, lisimamisheni siku nzima kabla ya kuliwasha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Kisha fanyeni majaribio matatu.

La kwanza, tieni kipimajoto katika gilasi ya maji, muiweke rafu ya katikati, msome kesho yake. Ikizidi nyuzi 5, panahitaji kurekebishwa. La pili, ningʼinizeni kipimajoto nyuma ya jokofu saa nane mchana. Kikionyesha nyuzi 3 au 4 tu zaidi ya jiko, hewa inapita. Kikifika 40, kumbukeni ile herufi ya kibandiko: hata jokofu la ST limekwisha kuvuka mpaka wake. La tatu, wenye mita ya kulipia kabla wazime kila kitu isipokuwa jokofu kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, waandike namba ya mwanzo na ya mwisho. Fanyeni hivyo kwa usiku tatu, kisha ondoeni ubao mmoja mrudie. Tofauti mtakayoiona ndiyo bei ya ubao huo.

Utunzaji wa baadaye ni mwepesi. Kila miezi mitatu chomoeni plagi, mfagie vumbi la nyuma kwa brashi laini. Futeni mpira wa mlango, mbane karatasi katikati yake. Ikichomoka bila kukaza, mpira umelegea. Chakula cha moto kipoe kwanza, ila kisikae nje kupita saa mbili. Na jokofu bovu likitolewa nje, ondoeni mlango wake siku hiyo hiyo, kwa maana watoto hupenda kujificha mahali kama hapo, na aliyefungiwa ndani hana hewa wala sauti yake haisikiki.

Kabla ya kumlipa seremala, basi, mama wa nyumba asimame mbele ya kabati na kuuliza maswali mawili: hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi? Akionyeshwa matundu yote mawili kwa kidole, alipe. Asipoonyeshwa, kazi bado haijaisha.